Nani kawatuma? Barua ya wazi kuhusu ziara za akina mama parokiani

Kwako Baba Paroko, kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Halmashauri ya Walei, na kwenu mama zangu viongozi wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wa parokia yetu hapa Dar es Salaam,

Tumsifu Yesu Kristo.

Naandika nikiwa katibu wa jumuiya yetu ndogondogo ya majirani, huu mwaka wa sita, na mwana-WAWATA tangu mwaka nilioolewa. Jina la parokia siliweki. Wenyewe mtajijua, na wasio wa kwetu hawana haja ya kutuchungulia chumbani. Ila barua nimeiweka wazi kwa sababu hoja hii, ya namna tunavyowatembelea wagonjwa, nimeshaipeleka kwa utaratibu mara mbili, na mara zote nikaambiwa ajenda zimejaa. Halafu nikizungumza na akina mama wa parokia nyingine, kwenye daladala na misibani, nakuta wanaugua ugonjwa uleule.

Mwezi uliopita mimi na mwenzangu tuliitwa mbele ya kamati. Kosa letu ni kwamba kila Jumatano jioni tunakwenda kuwaona wagonjwa na wazazi (wanawake waliojifungua), wawili tu, bila sare, bila kiongozi, na tukirudi hatuandiki popote. Mwenyekiti akatuuliza swali moja: "Nani kawatuma?" Nilinyamaza. Nimelelewa kutomjibu mkubwa mbele za watu. Jibu langu ndilo hili, na naomba mnivumilie maana ni refu.

Niwaeleze kwanza tulianzaje. Mwaka juzi dada mmoja wa jumuiya yetu alipoteza mimba ya miezi saba. Huyu anaishi kwa kukaanga maandazi. Saa tisa usiku yuko macho, saa kumi na mbili asubuhi yuko kituoni na ndoo yake. Jumuiya yetu inakutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hesabu mnaiona. Kwenye daftari langu alama zake za "hayupo" zilikuwa zimeshuka ukurasa mzima kama vifungo vya kanzu ya askofu.

Habari ilitufikia siku ya tatu. Tukapanga ziara, maana kwetu ziara hupangwa: tangazo kwenye grupu la WhatsApp, kitenge cha WAWATA, buku mbili kila mtu, Jumapili baada ya misa ya pili. Tukafika kumi na wanne. Chumba ni kimoja, kitanda kimejaa nusu yake, jiko la mkaa liko mlangoni. Wanne wetu tukakaa kwenye kitanda alichokuwa amelala, yeye akainuka akahamia juu ya ndoo ya maandazi iliyofudikizwa. Mtoto akatumwa dukani kwa Mangi, akarudi na soda. Nikamsikia akimnong'oneza dada yule kwamba Mangi kasema deni limefika elfu kumi na nane.

Tukaimba. Tukasali. Mama mwenyekiti akasoma neno, na alisoma vizuri. Wakati huo maziwa yalikuwa yameanza kumtoka dada yule. Gauni lilikuwa limelowa kifuani pande zote mbili, naye ameikumbatia kanga juu yake kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe. Wanawake kumi na wanne tuliozaa tunaliona lile, hakuna aliyesema neno. Tulipofika kwenye matangazo (ndiyo, tulitoa matangazo), mmoja wetu akamuuliza, tena kwa sauti ya upole kabisa: "Dada, na bahasha yako ya zaka mbona hatujaiona tangu mwaka uanze?"

Aliyeuliza ni mimi. Daftari lilikuwa mapajani.

Baadaye ndipo nikajua kwamba uji alikuwa akiletewa kila asubuhi na jirani yake Mwislamu, na kwamba waliomfulia mashuka ni wanawake wawili wa kanisa la kilokole lililo nyuma ya gereji. Walikuja siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza hawakusali kwa sauti hata kidogo, walifua tu. Leo nikikutana na dada yule kituoni namwambia Tumsifu Yesu Kristo, ananijibu Bwana asifiwe, ananifungia maandazi yangu manne na kuniongezea la tano. Sina ugomvi na walokole, na kwake sina neno. Lakini la tano lile kila nikilila linanikwama.

Baba Paroko, kila Jumatatu na Jumamosi tunasali Matendo ya Furaha ya Rozari. Tendo la pili, Bikira Maria anakwenda kumtembelea Elizabeti. Tunalitaja, tunaomba mapendo ya jirani, tunaendelea na Salamu Maria kumi. Luka kaongeza mwishoni kamstari ambako sijawahi kusikia kakihubiriwa kwetu: Maria alikaa kwake kama miezi mitatu. Malaika alikuwa amemwambia Elizabeti yuko mwezi wa sita. Sita na tatu mwanamke yeyote anajua ni ngapi. Ni mama mtu mzima, mimba ya kwanza uzeeni, mume nyumbani ulimi umefungwa, hata kumwita jirani hawezi. Nani alikuwa akiteka maji katika nyumba ile? Wimbo wa Maria tunaujua kwa moyo, tunauimba kwa sauti nne. Wimbo ulikuwa wa siku ya kwanza. Baada ya hapo zilibaki kama siku themanini na tisa hivi za vyombo, kuni na kukanda miguu iliyovimba, na Luka, mwanaume wa watu, akazipitisha kwa sentensi moja.

Bibi yangu mzaa mama wa Rombo asingehitaji kufafanuliwa. Kwa Wachagga wa zamani mzazi hukaa ndani miezi mitatu, halimi, hachoti maji, analishwa mtori na supu mpaka shavu linang'aa, na wanawake wanapokezana zamu bila kuandikiana majina. Mtori hauletwi na kundi. Unaletwa na mtu mmoja mwenye sufuria, anaingia kwa mlango wa jikoni, anakaa, anasikia, anaondoka na sufuria la jana. Bibi alikuwa Mkatoliki wa Rozari kila jioni na sidhani kama aliwahi kuona mahali ambapo sufuria linaishia na Rozari inaanzia.

Najua mtaniambia kwamba jumuiya ina taratibu zake. Sawa, tuanzie huko basi. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973, wakarudia tena 1976, waliamua kwamba jumuiya ndogondogo ziwe njia kuu ya uchungaji katika nchi zetu hizi za Afrika Mashariki. Sababu mnaijua kuliko mimi: parokia ni kubwa, padre ni mmoja au wawili, hawezi kumjua kila aliyelala na homa. Lakini nyumba kumi na mbili zinazopakana zinajuana, nani kalala njaa, nani kapigwa, nani kafiwa. WAWATA yenyewe ilikuwa imeshaanzishwa mwaka 1972. Kwa hiyo wazee wetu walikuwa na vyombo viwili mkononi, jumuiya ya majirani na umoja wa wanawake, na vyote viwili vilikuwa vya kumkaribia mtu.

Sisi tumevigeuza kuwa vyombo vya kukusanya. Daftari letu lina safu saba: jina, namba ya kadi, mahudhurio, zaka, mavuno, ujenzi, ada ya WAWATA. Nimelijaza miaka sita kwa mkono wangu. Halina safu ya anayeumwa. Mwanamke akitaka kujua kama atatembelewa, aangalie safu ya nne mpaka ya saba. Msikasirike. Nendeni mkalinganishe majina ya waliotembelewa mwaka jana na majina ya waliomaliza michango, daftari liko kwangu, nitawapa. Mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi alipofanyiwa upasuaji wa goti alitembelewa mara sita, hadi mwenyewe akaomba apumzike. Bibi mwenye kiharusi wa nyumba ya tatu kutoka kwake alikuwa na mwaka mzima hajatembelewa, jibu likiwa moja tu: "Hajulikani jumuiyani." Hajulikani vipi, naye amekaa mtaa ule tangu kabla ya lami?

Na msije mkadhani nadharau michango. Paa la kanisa halikushuka kutoka mbinguni, na mapadre wetu wanakula. Mwaka 2022 WAWATA tulipotimiza miaka 50 na kukusanyika Uwanja wa Benjamin Mkapa, nilikuwepo, upande wa jua, na nililia kuona kitenge chetu kimetanda vile. Sina aibu nacho. Ila kitenge cha uwanjani kikiingia chumba cha mgonjwa wakiwa kumi na wanne, mgonjwa anatafuta soda. Wapo wanaoficha ugonjwa kwa sababu hiyo. Mmoja aliniambia wazi, "Mama, mkija nitakopa, nami nina deni la dawa. Acheni nipone kwanza ndipo mje."

Ndivyo tulivyoanza Jumatano. Tulianza na bibi yule wa kiharusi. Mara ya kwanza tulikwenda na vitabu vya sala, tukamkuta binti anayemtunza amechoka hata salamu hawezi kuitikia. Mwenzangu akavua kandambili, akamwambia nenda kalale saa moja. Tukambadilisha bibi, tukamgeuza, tukaona kidonda kimeanza mgongoni, na kesho yake tukampeleka binti zahanati akaelekezwa namna ya kumgeuza kila baada ya saa mbili. Kucha zake zilikuwa zimejikunja hadi zinamchoma kiganja cha mkono uliopooza. Nilizikata taratibu, nimeuloweka mkono kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, huku tukisali kumi moja la Rozari. Kwenye Salamu Maria ya sita alikuwa amelala. Hatukuona haja ya kumwamsha amalizie.

Gharama ya jioni ile ni nauli yetu na wembe wa shilingi mia mbili. Komunyo nayo sasa anaipata, kwa sababu tulimwambia Paroko msaidizi na akamweka kwenye orodha ya Ijumaa ya kwanza. Hilo pia halimo kwenye daftari.

Sasa nifike penye uzito, na hapa nawaomba mama zangu wa WAWATA mnisikilize kuliko wengine, maana hapa kosa si la mapadre wala la wanaume wa Halmashauri. Ni letu. Kuna dada alipigwa na mumewe mpaka sikio moja likaziba. Alituambia ndani ya ziara, akiwa ameshika mkono wa mmoja wetu. Jumamosi iliyofuata, kwenye maombi ya jumuiya, sauti ikapanda: "Tumwombee dada yetu ambaye ndoa yake inapita katika majaribu na shetani ameingia kwa njia ya mume." Watu ishirini na sita, na mumewe ana binamu pale. Mnadhani nini kilitokea usiku ule? Sikio la pili. Na alipokuja kwetu tena, tukampa lile jibu letu tulilorithishwa, vumilia mwanangu, ndiyo ndoa.

Ziara isiyojua kunyamaza ni heri isifanyike. Nasema hivi nikijua kwamba itasomwa na wanawake niliokula nao miaka kumi. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na hospitali yetu ya wilaya ina ofisi ya ustawi wa jamii. Mwanamke anayetumwa na kanisa kwenda kumtazama mwenzake anapaswa kujua milango hiyo ilipo, na awe tayari kumsindikiza na kukaa naye kwenye benchi. Kumwambia mtu avumilie ni rahisi kwa sababu hakuhitaji nauli.

Mwenyekiti, swali lako sijalisahau, na sitaki kulichukulia kama la uonevu. Najua hofu yenu. Wamepita watu hapa mjini wanaojiita watumishi, wanaingia majumbani kwa jina la parokia, wanaombea na kuondoka na simu. Wapo na waumini wenzetu walioanza kwa kutembelea wagonjwa wakaishia kuwa na kikundi chao, mafuta yao na unabii wao. Mkichunga zizi hatuwezi kuwalaumu. Lakini mnatuchunga sisi kwa kipimo gani? Mwaka jana tumeenda ziara za sare tisa, zote zimeandikwa, zote zimepigwa picha, na hakuna aliyetuita kutuuliza mgonjwa alipona au vipi. Tumeitwa kwa zile zisizo na picha.

Kwenye Mathayo 25 Mfalme anasema nilikuwa mgonjwa mkaja kunitazama. Hasemi mlikuja na barua ya utambulisho. Yoshua bin Sira naye anatuonya tusiwakwepe wanaolia na tusisite kumtembelea mgonjwa, na sisi Wakatoliki tuna bahati kitabu hicho kimo kwenye Biblia yetu, itakuwa aibu tukiwaachia wengine wakitende.

Hata hivyo sijaandika ili nishinde. Nataka tuelewane, kwa hiyo naomba mambo, na baadhi yako ndani ya uwezo wenu kesho asubuhi.

La kwanza na kubwa, daftari la michango lisivuke kizingiti cha mgonjwa, mfiwa wala mzazi. Anayekwenda kutembelea asijue hata kama bahasha imerudi. Mkitaka, nipokonyeni mimi ukatibu, mpeni mtu wa hesabu asiyekwenda ziara, na mimi niende ziara nisiyejua hesabu. Nitashukuru.

Pili, turuhusuni wawili wawili. Yesu mwenyewe aliwatuma wawili wawili, sijui sisi kumi na nne tuliitoa wapi. Majina ya wanaokwenda myajue, myapitishe, mkiona hatufai mtuondoe. Hilo ndilo litakalowaondolea hofu ya matapeli. Lakini tunayoyakuta ndani yabaki ndani. Kama kuna kitu lazima kitoke, kwa sababu maisha ya mtu yako hatarini, kiende kwa Baba Paroko au kwa mama mmoja tutakayekubaliana, kisipite kwenye maombi wala kwenye grupu. Na mwenye nyumba asinunue chochote. Litangazeni hilo altareni, Baba, kwa mdomo wako, maana likitoka kwetu watadhani tunaona haya kula kwao. Maji ya kunywa yanatosha.

Kuhusu nauli, nimepiga hesabu. Tukiwa jozi nane za wanawake, kila jozi ziara mbili kwa mwezi, bajaji au daladala kwenda na kurudi, haifiki gharama ya keki tuliyokata kwenye sikukuu ya somo wa parokia. Sina la kuongeza hapo.

Muda wa jumuiya nao uangaliwe. Jumamosi alfajiri inawafaa wanaopumzika Jumamosi. Wauza maandazi, mama lishe, manesi wa zamu na wadada wa kazi za ndani hawamo. Mkiweka hata jumuiya moja ya Jumapili jioni kwa mtaa mzima, mtashangaa sura mtakazoziona. Na hao ndio, kwa uzoefu wangu mdogo, watembeleaji bora kuliko sisi. Wamezoea kuingia kwa mlango wa jikoni.

Mafunzo ningependa tupate, lakini si semina ya ukumbini yenye bahasha za posho. Nesi mmoja wa parokia atufundishe kumgeuza mgonjwa na kupima homa. Mtu wa ustawi wa jamii atueleze mwanamke aliyepigwa anaanzia wapi. Saa mbili zinatosha, tukae kwenye mkeka.

Mwisho, tarehe 31 Mei Kanisa linaadhimisha Bikira Maria kumtembelea Elizabeti. Kwa miaka mitatu mfululizo siku hiyo tumeifanyia harambee, tukavaa, tukacheza, tukahesabu. Naomba mwaka huu, baada ya misa, tuachwe tutawanyike. Kila wawili wachukue nyumba moja ya mtu "asiyejulikana jumuiyani", wakakae naye mpaka jua lizame. Harambee tuisogeze wiki moja, hela haziozi.

Baba, najua una mazishi mawili kesho na kikao cha dekania keshokutwa, kwa hiyo sitegemei jibu haraka. Kama mtaamua tusimame, tutasimama, mimi si mtu wa kuanzisha kikundi. Ila amri hiyo naomba mnipe ana kwa ana, na mnisaidie pia kumweleza bibi.

Jumatano hii tutakuwa kwake kuanzia saa kumi. Kucha zimeota tena. Ukipata nafasi pita, mlango haufungwi, na soda hakuna.

Mwanao katika Kristo,
Katibu wa jumuiya